Ugaidi na Bima Zanzibar: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya ni kwa wenye hoteli, nyumba za wageni, maduka na mizigo, Unguja na Pemba. Viwango vilivyotumika kwenye mahesabu ni vya mfano. Bei yako halisi ichukue kwa maandishi kutoka kwa kampuni au dalali wa bima.

## Mambo ya msingi

Nina bima ya moto na majanga mengine. Bomu likilipuka, nalipwa?

Mara nyingi hulipwi. Bima ya moto huorodhesha moto, radi, mlipuko, tufani, mafuriko, na pengine fujo. Ukifungua kurasa za nyuma utakuta kifungu kinachoondoa hasara yote inayotokana na ugaidi, iwe moja kwa moja au kwa njia nyengine yoyote.

Neno "mlipuko" ndilo linalowapoteza wengi. Mtungi wa gesi ukilipuka jikoni, unalipwa. Bomu lililotegwa kwa lengo la kisiasa halilipwi, hata kama ukuta uliopasuka ni ule ule. Mikataba mingi imeandikwa kwa Kiingereza cha wanasheria, kwa hiyo usione haya kumwambia wakala akuoneshe kwa kidole kifungu chenyewe.

Tena kifungu hicho kina mkia. Mara nyingi kinasema kwamba kampuni ikidai hasara ni ya ugaidi, ni juu yako mwenye bima kuthibitisha kuwa sivyo. Watu wengi huujua mkia huo siku ya kudai.

Ugaidi, fujo, uasi, vita: si yote ni ghasia tu?

Mtaani, ndiyo. Kwenye mkataba kila neno lina bei yake na mlango wake.

Tafsiri ya ugaidi inayotumika sana katika soko la bima la London ni kitendo cha mtu au kikundi, kwa kutumia nguvu au bila ya nguvu, chenye lengo la kisiasa, kidini au kiitikadi, ikiwemo nia ya kuishawishi serikali au kuutia umma hofu. Hapo kinachopimwa ni lengo la aliyetenda. Mtu akichoma duka lako kwa sababu ya ugomvi wa kiwanja, huo ni uharibifu wa makusudi. Kundi la watu likivunja vioo vya Darajani baada ya mkutano kutawanywa, hizo ni fujo. Wenye silaha wakitaka kuiangusha serikali, huo ni uasi. Jeshi la nchi moja likishambulia nchi nyengine, hiyo ni vita.

Bima hizi zinauzwa kama ngazi. Ya chini ni ugaidi na hujuma peke yake. Inayofuata inaongeza fujo, migomo na uharibifu wa makusudi. Ya juu kabisa, ambayo sokoni huitwa bima ya machafuko ya kisiasa, inaongeza uasi, mapinduzi na vita. Kwa Zanzibar kosa tunaloliona mara nyingi ni mtu kununua ngazi ya ugaidi peke yake akidhani amemaliza, ilhali kinachoweza kumvunjia kioo msimu wa uchaguzi ni fujo. Kama uwezo wako ni wa kitu kimoja tu na duka lako liko barabarani mjini, anza na fujo.

Zamani ugaidi ulikuwa ndani ya bima ya kawaida. Nani ameutoa?

Waliouondoa ni kampuni za bima mtawanyo, yaani zile zinazozikatia bima kampuni za bima. Hadi Septemba 2001 nchi nyingi zilikuwa na ugaidi ndani ya bima ya mali bila hata ya kutozwa ada ya ziada. Baada ya mashambulizi ya New York na Washington, hasara iliyokatiwa bima ilifikia makumi ya mabilioni ya dola. Mikataba mingi ya bima mtawanyo huanza upya tarehe 1 Januari, na ilipofika Januari 2002 ugaidi ulikuwa umeondolewa kwa wingi. Kampuni ya hapa ikibaki nao, ingeubeba peke yake, kwa hiyo nayo ikautoa.

Uingereza ilikuwa imeshaonja kabla. Bomu la Baltic Exchange, London, Aprili 1992, liliwafanya wenye bima mtawanyo kujitoa, na mwaka 1993 ukaanzishwa mfuko wa Pool Re wa kubeba hatari ya ugaidi, ukiwa na serikali nyuma yake.

## Bei

Nani hasa anapanga bei ninayotajiwa?

Kwa mali ndogo, kampuni yako ina kiwango ilichokubaliana na wenye bima mtawanyo mwanzo wa mwaka. Kwa hoteli kubwa au jengo lenye thamani ya mamilioni ya dola, taarifa zako hutumwa nje, Nairobi au London, na bei hurudi kutoka huko. Kampuni ya hapa inaweza kubaki na sehemu ndogo tu ya hatari hiyo.

Ndiyo maana kubembelezana na wakala kuhusu ada ya ugaidi hakufiki mbali kama kwenye bima ya gari. Kinachosaidia ni taarifa unazompa azipeleke (tazama swali la kupunguza bei).

Ada inahesabiwaje?

Thamani iliyokatiwa bima, mara kiwango. Tuseme hoteli ya Kiwengwa ina majengo ya dola 2,400,000, samani na vifaa vya dola 350,000, na mapato ya mwaka ya dola 600,000 ambayo mwenyewe anataka yalindwe. Jumla ni dola 3,350,000. Kwa kiwango cha mfano cha asilimia 0.04, ada ni dola 1,340 kwa mwaka. Kiwango kikipanda hadi asilimia 0.08, ada ni dola 2,680. Kodi na tozo huja juu yake.

Njia ya kupunguza ni kununua ukomo, yaani kiasi cha juu kabisa utakacholipwa, badala ya thamani yote. Hoteli yenye vibanda 20 vilivyotawanyika kwenye eka 5 haiwezi kupotea yote kwa bomu moja, kwa hiyo mwenyewe anaweza kununua ukomo wa dola 1,000,000 kwa tukio. Lakini lazima thamani kamili ya mali itajwe kwenye fomu. Ukitaja dola 1,200,000 kwa majengo ya 2,400,000 ili ada ipungue, kampuni itatumia kanuni ya wastani: hasara ya dola 300,000 utalipwa 150,000, kisha ikatwe ile sehemu ya mwanzo unayobeba mwenyewe.

Kwetu hakujatokea kitu mwaka huu. Kwa nini bei imepanda?

Kwa sababu anayeuza anatazama ukanda mzima. Balozi za Marekani za Dar es Salaam na Nairobi zililipuliwa siku moja, 7 Agosti 1998. Huko Kikambala, karibu na Mombasa, palikuwa na hoteli ya watalii wa ufukweni kama zetu, na ikashambuliwa Novemba 2002. Kisha Kenya tena: jengo la maduka la Westgate 2013, chuo cha Garissa 2015, hoteli ya DusitD2 Januari 2019. Kusini yetu, Cabo Delgado ya Msumbiji imo kwenye vita vya wenye silaha tangu Oktoba 2017, na Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, Mtwara, kilivamiwa. Milipuko ya Mji Mkongwe ya 2014 nayo bado imo kwenye mafaili ya watu.

Bei pia hupanda bila ya tukio lolote la ugaidi. Vimbunga vya Marekani na matetemeko vikila mtaji wa wenye bima mtawanyo, hurudisha pengo kwenye kila wanachouza. Mwenye nyumba ya wageni Jambiani analipia upepo wa Florida. Haki au si haki, ndivyo soko lilivyo.

Naweza kufanya nini bei ipungue?

Anza mapema. Siku 60 kabla ya bima kwisha kwa hoteli, siku 30 kwa duka. Anayekwenda siku mbili kabla hupokea bei ya kwanza inayorudi, kwa kuwa hakuna muda wa kuuliza pengine.

Kisha peleka faili lenye mambo haya: ramani ya eneo ikionesha umbali kati ya majengo, thamani ya kila jengo peke yake, picha za geti na njia ya magari, idadi ya walinzi kwa zamu, na kama ni wa kampuni au wa kijiji, kamera ziko wapi na zinahifadhi siku ngapi, nani anakagua gari linaloingia na vipi, hasara zote za miaka 5 iliyopita, hata ndogo. Umbali kutoka geti hadi mapokezi una uzito kuliko watu wanavyodhani. Gari likiweza kufika mlangoni bila ya kusimamishwa, mpimaji wa hatari wa London ataona hilo kwenye ramani kabla ya chengine chochote. Mawe makubwa au vyungu vizito vya maua vilivyopangwa mbele ya mapokezi ni kinga ya bei nafuu, alimradi vionekane kwenye picha.

Njia nyengine ni kukubali kubeba sehemu kubwa zaidi ya hasara ya mwanzo. Hapa pana ukomo wake: usijiwekee kiasi ambacho huna benki.

Mbona hatuna mfuko wa serikali kama nchi nyengine?

Mingi ya mifuko hiyo ilizaliwa na msiba au ghasia za nchi husika. Afrika Kusini ilianzisha Sasria mwaka 1979, baada ya ghasia za Soweto za 1976. Ufaransa ina GAREAT. Marekani ilipitisha sheria yake Novemba 2002, na imekuwa ikiongezewa muda. Muda wa sasa unafika mwisho wa 2027.

Kilicho karibu nasi ni ATIDI, taasisi ya mataifa ya Afrika yenye makao Nairobi, iliyoanza 2001 kwa jina la ATI. Tanzania ni mwanachama. Inazipa kampuni za bima za hapa uwezo wa kubeba ugaidi na machafuko ya kisiasa, kwa hiyo mwenye jengo kubwa amuulize dalali wake kama ameomba bei huko pia.

Mwekezaji wa nje anasema mali yake imo kwenye bima ya kampuni mama Ulaya. Inatosha?

Kwa sheria ya bima ya Tanzania ya mwaka 2009, mali iliyoko hapa hukatiwa bima hapa. Kuipeleka nje moja kwa moja kunahitaji ridhaa ya Kamishna wa Bima kupitia TIRA, mamlaka inayosimamia bima Tanzania, ambayo ina ofisi Zanzibar. Kawaida kampuni ya hapa hutoa mkataba, kisha hatari hupelekwa nje kama bima mtawanyo.

## Hoteli na utalii

Shambulio limetokea kwengine, wageni wameghairi. Mapato yangu yanalipwa?

Bima ya kupotea kwa mapato kwa kawaida huhitaji kitu kimoja kwanza: mali yako mwenyewe iwe imeharibika. Wageni wakiogopa kwa sababu ya habari za Nairobi au Dar, hakuna kilichoharibika kwako, hakuna malipo.

Zipo nyongeza mbili za kuulizia. Ya kwanza ni ya kuzuiwa kuingia: polisi wakifunga njia kwa sababu ya tukio lililo ndani ya masafa yaliyotajwa, kwa mfano kilomita 1. Angalia masafa, siku za kusubiri kabla ya malipo kuanza, na ukomo wa siku. Ya pili ni ya vitisho: mamlaka ikiamuru mwondoke kwa sababu ya tishio. Bila ya nyongeza hiyo, tishio la uongo la bomu linalokuhamishia wageni 80 ufukweni usiku mzima ni hasara yako.

Ile bima ya lazima ya dola 44 ya wageni inanilinda mimi mwenye hoteli?

Hapana. Hiyo ilianza 1 Oktoba 2024, inatolewa na Shirika la Bima la Zanzibar, na inamhusu mgeni mwenyewe: matibabu ya dharura, mizigo, kusafirishwa. Jengo lako na mapato yako havimo.

Tahadhari ya safari ya serikali ya kigeni inatuathiri vipi?

Uingereza ikiwashauri raia wake wasisafiri sehemu fulani, bima nyingi za safari za huko hukatika kwa atakayekwenda. Mtalii hapimi hatari, anapima bima. Mei 2003 Uingereza ilisimamisha ndege zake kwenda Kenya, na hoteli za pwani ya Mombasa zikaumia bila ya kuvunjika hata kioo kimoja.

Na ndege?

Tarehe 17 Septemba 2001 wenye bima ya ndege walitoa taarifa ya siku 7 ya kufuta ulinzi wa madhara ya kivita na kigaidi kwa watu wa nje ya ndege. Waliporudisha, ukomo ulikuwa dola milioni 50 na ada dola 1.25 kwa abiria. Zile siku 7 bado zimo kwenye mikataba ya ndege hadi leo.

## Mizigo na bandari

Naleta kontena kutoka Dubai. Bima ya mzigo ya "hatari zote" si inatosha?

Jina linadanganya. "Hatari zote" haina vita wala ugaidi. Hivyo viwili hununuliwa kwa vifungu viwili tofauti: kifungu cha vita, na kifungu cha migomo, ambacho ndani yake ndimo ulimofichwa ugaidi. Omba vyote viwili, na uone vimeandikwa kwenye cheti.

Jebel Ali imo ndani ya Ghuba, ng'ambo ya mlango wa Hormuz, na maji hayo yamo tangu 2019 kwenye orodha ya maeneo hatari kwa meli inayotolewa na soko la bima la London. Kwa mzigo wa Ulaya, tatizo ni Bahari ya Shamu. Kabla ya mashambulizi dhidi ya meli huko mwisho wa 2023, meli ililipa ada ya bima ya vita chini ya asilimia 0.1 ya thamani yake kwa kupita. Mwanzoni mwa 2024 ilikaribia asilimia 1. Gharama hiyo hukufikia ndani ya nauli hata kama hukulisikia jina lake. Karafuu inayokwenda India au Singapore haipiti huko, kwa hiyo usikubali itozwe ada ya Bahari ya Shamu. Uliza njia ya meli kwanza.

Meli imekaa nje ya bandari wiki tatu ikisubiri nafasi. Bima bado ipo?

Hapa watu hupoteza pesa. Ulinzi wa vita huisha mzigo unaposhushwa, au siku 15 baada ya meli kufika, lolote litakalotangulia. Na "kufika", pakiwa hakuna gati, ni pale meli inapotia nanga mara ya kwanza bandarini au nje yake. Foleni ya bandari yetu ya Malindi inakula siku zako. Siku ya 10 ikifika na meli bado iko nje, muandikie wakala kuomba muda zaidi, kabla ya siku ya 15.

Kontena likipakuliwa Mombasa au Dar kusubiri meli nyengine, siku 15 zinahesabiwa huko pia. Zikipita, ulinzi wa vita husimama mpaka lipakiwe tena. Ulinzi wa ugaidi huisha safari ya kawaida inapokwisha, kwa hiyo mzigo ukishaingia ghalani kwako unahitaji bima ya ghala.

## Watu, magari na takaful

Bima ya maisha, afya na gari zinalipa?

Bima nyingi za maisha za vikundi hulipa kwa aliyekufa bila ya kushiriki kitendo cha ugaidi; mshiriki halipwi. Afya inatofautiana, soma. Bima kubwa ya gari mara nyingi inautoa ugaidi, na bima ndogo haihusiki na gari lako kabisa.

Takaful, yaani bima ya Kiislamu ya kuchangiana, inabadilisha chochote?

Inabadilisha namna michango inavyowekwa na ziada inavyogawanywa. Hatari yenyewe hubaki ile ile, na mfuko wa takaful nao huhitaji mtu wa kuugawia mzigo, retakaful, ambako masharti ya ugaidi hufanana na ya soko jengine. Uliza swali lile lile la kwanza: bomu likilipuka, nalipwa?

## Wakati wa kudai

Tukio limetokea. Nifanye nini saa 48 za mwanzo?

Usifagie. Vipande vya vioo, jinsi ukuta ulivyolalia na alama za moto ndivyo vinavyomwambia mkadiria hasara mlipuko ulitokea wapi. Polisi wakiruhusu, piga picha kila chumba kutoka kona mbili, kisha ziba paa kwa turubai mvua isiongeze hasara, ukiweka risiti.

Toa taarifa kwa kampuni siku hiyo hiyo, kwa simu na kwa maandishi. Chukua ripoti ya polisi na ya Kikosi cha Zimamoto na Uokozi. Barua ya sheha ni nzuri kuthibitisha kuwa mali ni yako na iko shehia yake, lakini haichukui nafasi ya ripoti ya polisi.

Chunga maneno. Usiandike "ugaidi" wala "fujo" kwenye fomu kwa kubahatisha. Andika ulichokiona: saa, sauti, watu wangapi, nini kiliwaka. Kama una bima mbili kwa kampuni mbili, ya moto kwa moja na ya ugaidi kwa nyengine, taarifu zote mbili, la sivyo kila moja itakuelekeza kwa mwenzake na muda wa taarifa utapita. Ndiyo sababu tunapendelea zote ziwe kampuni moja.

Mikataba mingi huhesabu uharibifu wote wa chanzo kimoja ndani ya saa 72 kuwa tukio moja. Hilo lina faida: sehemu yako ya mwanzo inakatwa mara moja tu.

Kampuni imekataa. Naenda wapi?

Omba sababu kwa maandishi zikitaja namba ya kifungu. Lalamika kwa uongozi wa kampuni, kisha TIRA Zanzibar, kisha Ofisi ya Msuluhishi wa Migogoro ya Bima. Mahakama iko wazi, lakini angalia kama mkataba unataka usuluhishi kwanza.

## Mambo ya pembeni

Watekaji wakitaka kikombozi, bima ya ugaidi inalipa?

Hapana, hiyo ni bima nyengine kabisa. Na kama watekaji wamo kwenye orodha za vikwazo vya kimataifa, hakuna kampuni itakayolipa, kwa kuwa kulipa kwenyewe ni kosa. Shambulio la kompyuta na sumu za kemikali pia kwa kawaida hazimo.

Niko Pemba. Kwa nini bei yangu imerudi mara kadhaa ya mwenzangu wa Unguja?

Kabla ya kukasirika, hakikisha hukukadiriwa kama Pemba ya Msumbiji. Makao makuu ya jimbo la Cabo Delgado yanaitwa Pemba, na maji ya jimbo hilo yaliwahi kuingizwa kwenye orodha ya maeneo hatari ya London. Mpimaji aliye mbali, akiona "Pemba, Afrika Mashariki" kwenye fomu, anaweza kuchapa jina na ramani ikampeleka kusini zaidi ya kilomita 800.

Andika kila pahala "Kisiwa cha Pemba, Zanzibar, Tanzania", ongeza mji (Chake Chake, Wete au Mkoani), na weka kipimo cha ramani: kisiwa chetu kiko nyuzi 5 kusini ya ikweta, ule mji wa Msumbiji uko karibu nyuzi 13. Kwa mizigo fanya hivyo hivyo kwenye hati ya meli. Kama bei imeshatolewa, muombe dalali akuoneshe fomu iliyotumwa nje. Ikiwa neno Zanzibar halimo, rudisha ipimwe upya.